Helmeti ya Mchezo wa Video Garsen: Ichongwe, Iungwe au Imiminwe?

Neno chapeo tumelipata kwa Wareno. Wao waliita kofia chapéu, na wazee wetu wa pwani walipoiona ikiwa ya chuma juu ya vichwa vya askari, walilichukua jina pamoja na kitu chenyewe. Baadaye Mwingereza akaja na helmeti yake, na jina hilo nalo likaota mizizi. Leo ukitaja helmeti pale Garsen, mahali magari ya Lamu yanapopumzika, atakayegeuka kukutazama ni kijana wa bodaboda.

Lakini siku hizi iko helmeti ya tatu, ambayo si ya vita wala si ya barabara. Inatoka ndani ya kioo cha mchezo wa video, na vijana wanataka kuitengeneza kwa mikono yao wenyewe ili waivae. Jambo hili limenifikia kupitia kwa mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari anayekaa Garsen na mamake, ambaye aliniuliza: "Mjomba, nakala ya helmeti itengenezwe kwa njia gani?" Wako watakaosema kuwa hilo ni swali la kitoto. Mimi nililibeba nikaenda nalo kwa mafundi, na kila nilipolizungusha niliona uzito wake. Ndani yake mna swali la pesa, mna swali la afya, na mwisho wake mna swali la uhai wa mtu.

ASILI ISIYOSHIKIKA

Helmeti anayoitaka kijana huyu ni ya Master Chief, askari wa mchezo uitwao Halo, uliotengenezwa na kampuni ya Bungie ya Marekani na kutolewa mara ya kwanza tarehe 15 Novemba 2001. Askari huyo huvaa deraya ya kijani tangu utosini hadi nyayoni, na mbele ya uso wake pana kioo cha rangi ya dhahabu. Katika michezo yenyewe uso wake haufunuliwi wazi, na kwa hiyo helmeti ndiyo sura yake. Wako watu duniani kote wanaojitengenezea mavazi ya namna hii na kukutana ili wayaonyeshe. Hata Nairobi uko mkutano wao, NAICCON, na huko ndiko mpwa wangu anakotumai kwenda na binamu zake.

Sasa, ndugu msomaji, tazama ugeni wa kazi hii. Fundi anayeunda nakala ya mlango wa Lamu aweza kuuendea mlango wenyewe, akaupima kwa shubiri na kuugonga asikie ni mti gani. Wapokomo wakitaka kutengeneza mfano wa ngadzi, ngoma yao kuu iliyochukuliwa na watawala wa kikoloni na kuingia British Museum, London, mwaka 1908, asili yake ipo. Iko mbali na wenyewe, lakini ipo, na fundi atakayekosea ataambiwa amekosea wapi. Helmeti ya Master Chief haina asili kama hiyo. Haikuchongwa wala haikufuliwa na mtu yeyote. Ilichorwa kwa hesabu ndani ya kompyuta, na hesabu zile zikageuka mwanga. Nani atakayekuambia mwanga una unene gani, au umeshonwa wapi?

Kwa sababu hiyo hakuna awezaye kumlaumu kijana wa Garsen kwamba ametumia malighafi isiyo ya asili. Umbo litatoka kiooni, lakini malighafi na njia atavichagua mwenyewe, na huo ndio mtihani. Mimi nimemwambia aangalie mambo matatu kabla hajaanza: kichwa kitakachoingia ndani, kazi itakayofanywa na kitu hicho, na vifaa vilivyo karibu naye. Picha aiweke ya nne.

NJIA TATU ZA MAFUNDI

Mafundi wa pwani yetu, ukiwachunguza, wana njia tatu za kukipa kitu umbo. Ya kwanza ni kuchonga, yaani kuchukua kilicho kikubwa na kuondoa kisichotakiwa. Ya pili ni kuunga, yaani kuleta vipande pamoja kwa misumari, gundi au uzi. Ya tatu ni kumimina, yaani kukilainisha kitu na kukipa umbo la kalibu. Njia zote zinazosifiwa na wapenzi wa helmeti huko Ulaya na Marekani, hata zile za mashine mpya kabisa, zinaingia ndani ya hizi.

Kwa kuchonga, Mto Tana hauhitaji mwalimu kutoka nje. Wapokomo wamekuwa wakichonga mitumbwi ya gogo moja tangu enzi na enzi, na miembe iliyojaa kingo za mto imewapa magogo. Nilimwendea mzee mmoja mchonga mitumbwi, nikampa salamu zake na kumwonyesha picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda, akaigeuza simu huku na huku kana kwamba ataiona helmeti kwa nyuma.

"Kuchongeka itachongeka," akaniambia. "Lakini mwembe, hata ukiukausha ukabaki unene wa kidole, bado ni mzigo. Mtumbwi unabebwa na maji. Hii itabebwa na nani?"

Jawabu ni kwamba itabebwa na shingo ya mtoto. Hapo njia ya kuchonga mti ikatoka katika hesabu, na aliyeitoa ni mchongaji mwenyewe.

MAKAO YA KUMIMINA

Kumimina kuna heshima kubwa katika ulimwengu wa helmeti. Zile nyeupe za askari wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 zilitengenezwa Uingereza na Andrew Ainsworth mwaka 1976. Aliweka kielezo mezani, akapasha moto bamba la plastiki mpaka likalegea, kisha hewa ikanyonywa kutoka chini na plastiki ikashikamana na kielezo kama ngozi mbichi juu ya ngoma. Miaka mingi baadaye Ainsworth alipoanza kuuza nakala zake, kampuni ya Lucasfilm ilimshtaki. Tarehe 27 Julai 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti ile haikuwa sanamu kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo, kwa kuwa ilikuwa kifaa kilichotumika katika kutengeneza filamu. Majaji wakubwa walikaa wakajadili kama chapeo ni sanaa au ni chombo! Usidhani basi kwamba mpwa wangu na mimi tunapoteza wakati.

Lakini njia hiyo inafaa kwa mwenye kutaka helmeti hamsini. Anayetaka moja itambidi kwanza achonge kielezo kizima, kisha atafute meza ya kunyonya hewa na bamba la plastiki. Iko njia nyingine ya kumwaga resini ndani ya kalibu ya silikoni, nayo ina aibu ile ile: kalibu inagharimu zaidi kuliko kitu kinachotoka ndani yake. Kalibu ni mali ya mwenye duka, na mpwa wangu hana duka.

Kuna pia printa ya pande tatu, ambayo hutandaza uzi wa plastiki iliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo likamilike. Huu ni uashi, na tofauti ni kwamba mwashi ni mashine. Sifa yake ni usahihi: kinachoonekana kwenye kompyuta ndicho kinachotoka. Kasoro zake ni tatu. Kwanza, helmeti ya mtu mzima huchukua makumi ya saa, na umeme ukikatika katikati, kazi yaweza kuharibika. Pili, kichwa ni kikubwa kuliko meza ya printa nyingi ndogo, na kwa hiyo helmeti hukatwa vipande vinavyokuja kugundishwa, halafu mistari ya matabaka huondolewa kwa msasa siku nzima. Tatu, plastiki inayotumika sana, ile iitwayo PLA ambayo hutengenezwa kwa wanga wa mahindi na mimea mingine, huanza kulegea ikifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi. Iache ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, kwenye safari ya Garsen kwenda Malindi, nawe utakuta Master Chief amepinda taya.

KARATASI NA HATARI YAKE

Zikabaki njia za kuunga. Iliyo rahisi kwa mfuko ni ya karatasi. Wajapani wametengeneza programu iitwayo Pepakura, ambayo hulichukua umbo la kompyuta na kulikunjua likawa bapa, kama fundi wa nguo anavyoigawa kanzu katika vipande kabla hajagusa kitambaa. Vipande huchapishwa kwenye karatasi ya manila, vikakatwa, vikakunjwa na kugundishwa, na helmeti ikasimama. Karatasi haina makosa makubwa, kwa kuwa ukikosea kipande unachapisha kingine.

Tabu ya manila ni kwamba hainyanyui kichwa mbele ya unyevu. Katika delta ya Tana, ambako mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya masika ya 2024 yaliwahamisha watu wengi, karatasi ni mgeni wa siku mbili. Ndiyo maana wenye ujuzi huipaka resini kwa nje, na kwa ndani hulaza vitambaa vya faibaglasi. Hapo hugeuka kitu kigumu kama boti.

Na hapo ndipo penye hatari. Mafundi wa boti wa pwani wanaijua kazi hii, nao huifanya penye upepo. Resini ya poliesta hutoa mvuke mkali wenye kuumiza kichwa na kifua. Kile kigumishi chake kikiruka jichoni chaweza kumpofusha mtu. Unga wa faibaglasi unapopigwa msasa huingia kwenye ngozi na mapafu. Mpwa wangu alitaka kuifanya kazi hiyo chumbani, usiku, baada ya masomo, na wadogo zake wamelala kitanda cha pili. Mamake alipouliza kile kitu kinanukaje, nilimweleza, na neno lake likawa moja tu. Sikuona haja ya kuliongezea.

NDARA ZIMEFIKA MBALI

Sasa tufike kwenye sponji. Kitu ambacho wapenzi wa mavazi haya hukitukuza ni sponji ngumu iitwayo EVA. Msomaji asiogope herufi hizo. Ni jamaa ya kile anachokikanyaga kila siku: nyayo za ndara nyingi, au champali kama tuitavyo, ni za sponji hiyo, na ile mikeka ya rangi rangi ya kuchezea watoto, inayounganishwa kwa meno, ni ya sponji hiyo hiyo.

Pwani yetu imekwisha kuonyesha kwamba ndara si takataka tu. Mwezi wa Septemba 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini jahazi la FlipFlopi, lenye urefu wa mita 9 hivi, lililoundwa kwa tani kama 10 za plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Linalonivutia ni njia waliyoichagua. Plastiki waliiyeyusha na kuimimina ikawa mbao na mataruma, kisha wakaishika kama wanavyoushika mti: wakaichonga na kuiunga kwa ufundi wa majahazi walioujua tangu utoto. Malighafi ilikuwa ngeni, mikono ilikuwa ile ile.

Sponji nayo inakubali mikono yetu. Hukatwa kwa wembe. Hupashwa moto kidogo ikalegea, ukaikunja juu ya sufuria au buyu, ukaishika mpaka ipoe, nayo hubaki na umbo ulilolipa. Hugundishwa kwa gundi ya mshona viatu, ambayo hupakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, kisha pande zikakutanishwa mara moja bila kusita. Gundi hiyo nayo ina harufu kali, lakini kazi yake hufanywa uwanjani, chini ya mwembe, ikaisha kabla ya adhuhuri. Helmeti ikianguka hairuki vipande. Ikimgonga mwenzake haimtoi damu. Na juu ya shingo haina uzito wa kusemwa.

Nilipomweleza fundi viatu mmoja wa pale mjini alitikisa kichwa na kusema, "Hicho ni kiatu cha kichwa, bwana." Sikupata maelezo bora kuliko hayo.

HELMETI YA KAKA

Ningeweza kumalizia hapa, lakini iko njia moja ambayo vijana huipenda kuliko zote, kwa kuwa inaonekana ya mkato. Ni kuchukua helmeti ya pikipiki iliyokwisha kuwapo, kuikata hapa, kuibandika pale, kuipaka rangi, na kuifanya ya Master Chief. Umbo la kichwa tayari limo. Mpwa wangu aliwaza hivyo, na helmeti aliyoiwazia ni ya kaka yake, ambaye riziki yake ni bodaboda.

Hapa nilimketisha chini. Helmeti ya pikipiki ina tabaka mbili za kazi. Gamba la nje hutawanya pigo, na ndani yake kuna povu gumu jeupe ambalo kazi yake ni kupondeka badala ya fuvu. Ukilitoboa gamba, au ukalipunguza lile povu ili upate nafasi, umeiua helmeti ingawa kwa macho inapendeza. Hata rangi ya kupuliza na tina vyaweza kulidhoofisha gamba la plastiki bila ya alama kuonekana. Uchunguzi wa Cochrane wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba helmeti humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Asilimia hizo ni za helmeti nzima.

Na tatizo lina upande wa pili. Helmeti ya sponji ikishapakwa rangi vizuri hufanana na chuma. Siku moja kaka atakuwa na haraka, au abiria atakosa ya kuvaa, nayo iko pale ukutani inang'aa. Akiivaa atakuwa amevaa ndara kichwani na kuingia barabarani. Kwa hiyo nimemwekea mpwa wangu sharti: ndani ya nakala yake, mahali paso linapoingia, aandike kwa wino usiofutika kwamba hii ni ya mchezo, si ya barabara. Na ya kaka isiguswe, hata kwa kupimia.

Sisi tuliosoma vyuoni tunakumbuka kwamba katika Sura Sabaa, Nabii Daud, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma akaamrishwa atengeneze deraya na azipime pete zake sawasawa. Deraya iliyokosa kipimo humhadaa aliyeivaa, na mtu aliyehadaika hivyo huenda mbele zaidi kuliko asiyevaa kitu.

KIPIMO CHA KOFIA

Basi haya ndiyo tuliyoyaamua, nami nayaandika kwa ajili ya wengine. Kielezo ni cha karatasi, na umbo ni la sponji. Karatasi inakuwa ramani tu: vipande vya Pepakura vinachapishwa, vinajaribiwa kichwani kwa gundi ya maji, kisha vinakunjuliwa na kuchorwa juu ya sponji. Hakuna resini.

Kipimo tumekichukua kwa mshona kofia. Mwenye kutoboa viua vya kofia haanzi na ua. Huanza na duara la kichwa cha mwenyewe. Tukapima duara la kichwa cha kijana akiwa amevaa kofia yake, kwa sababu ataivaa ndani ili ifyonze jasho, kisha tukaongeza nafasi ya vidole viwili kila upande kwa hewa na sponji laini. Ukubwa wa picha ulifuata kipimo hicho, wala kichwa hakikulazimishwa kuifuata picha.

Mishono ya sponji hukatwa kwa kulaza wembe, si kwa kuusimamisha, ili kona zikutane bila ufa. Nyufa zitakazobaki hujazwa kama kalafati ya jahazi. Kabla ya rangi, sponji hupakwa gundi nyeupe ya maji mara kadhaa, kila tabaka ikauke, ama sivyo itainywa rangi yote. Kioo cha dhahabu tumekipata katika ngao ya uso ya plastiki iliyobaki tangu siku za Korona, na juu yake tukabandika karatasi ya vioo vya magari. Chini ya kidevu tumeacha upenyo, na kwa ndani tutatia feni ndogo ya kompyuta inayokwenda kwa betri ya kuchajia simu. Joto la Tana halimsamehe mtu aliyejifunika kichwa, awe askari wa angani au wa ardhini.

Wako watakaouliza kama kitu cha ndara, karatasi na gundi ya viatu chaweza kuitwa nakala ya kitu cha Kimarekani. Nitawajibu kwa mfano wa hapo hapo mtoni. Wimbo wa Taifa la Kenya, ulioanza kuimbwa mwaka 1963, ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Ulipotoka kwenye ubeleko kwenda kwenye tarumbeta za jeshi, haukupoteza umbo lake, ingawa sauti zilizoubeba zilikuwa nyingine kabisa. Kitu huweza kuhama malighafi kikabaki kilivyo, mradi anayekihamisha amekipima kwanza na kujua kinakwenda kufanya kazi gani.

Kwa hiyo kwa vijana wa Garsen, Ngao, Kipini na kwingineko wenye hamu kama hii, shauri langu ni fupi. Ulizeni mafundi mlio nao kabla ya kuagiza vya mbali. Mchonga mitumbwi, mshona kofia na fundi viatu wana majibu ambayo hayamo katika mashine. Kazi zenye sumu zitoeni chumbani. Na helmeti ya bodaboda iacheni ifanye kazi yake, kwani vichwa vya mchezoni hufufuka kwa kubonyeza kitufe, lakini vya barabara ya Garsen havina kitufe.